Pima maji kwanza, ndipo uchague utando

Pwani ya mkoa wa Tanga, kuanzia Mkinga mpaka Pangani, kikao cha kuchangia maji siku hizi hakiishi bila mtu kutaja RO, mashine inayotoa chumvi kwenye maji kwa kuyapitisha kwenye utando mwembamba sana. Kisima cha shule kina chumvi: tutafute RO. Bomba limeleta maji ya tope baada ya masika: tungekuwa na RO. Mfadhili ameuliza msikiti unahitaji nini: RO. Herufi hizo mbili zimegeuka jina la maji salama, na wanaozitaja wana nia njema kabisa. Hoja yangu ni kwamba tunachagua chujio kabla ya kujua tunataka kuchuja nini, na jambo hilo linatugharimu mara mbili. Tunalipia mashine kubwa pasipohitajika, na tunafunga mashine isiyofaa pale ambapo kweli maji yanaumiza watu.

Aliyekulia pwani anajua kazi ya kifumbu. Unatia nazi iliyokunwa, unamwagia maji, unakamua. Tui linashuka kwenye bakuli, machicha yanabaki ndani. Ukindu umesukwa ukaacha mianya inayopitisha tui na kuzuia machicha. Teknolojia ya utando wenye matundu inaanzia kwenye kanuni hiyo hiyo ya ukubwa, ila mianya yake imeshuka hadi kipimo cha molekuli. Maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na nanomita ni sehemu moja ya elfu ya maikromita. Molekuli ya maji ina upana wa takribani nanomita 0.28.

Kwa vipimo hivyo wataalamu wamezigawa tando za maji katika makundi manne. Maikrofiltresheni ina matundu ya kuanzia maikromita 0.1 mpaka maikromita chache, kwa hiyo inazuia tope laini na bakteria walio wengi. Ultrafiltresheni inashuka mpaka kwenye maikromita 0.01 hivi, na hapo hata virusi wengi wanakwama. Nanofiltresheni, tundu lake likiwa karibu nanomita moja, inazuia kalsiamu na magnesiamu, yale madini yanayofanya sabuni isitoe povu, lakini inaachia sehemu kubwa ya chumvi ya kawaida ipite. RO, yaani osmosisi ya kinyume, ambapo maji husukumwa kwa presha yapite utando na kuacha chumvi nyuma, ndiyo inayoweza kuzuia chumvi ya bahari.

Chukua kipindupindu. Kimelea chake kina upana wa takribani nusu maikromita, na urefu wake ni kama mara tatu au nne ya hapo. Utando wa ultrafiltresheni wenye tundu la maikromita 0.02 una mwanya mdogo mara 25 kuliko upana wa kimelea huyo. Maana yake, kijiji chenye maji matamu yaliyochafuliwa na vyoo kinaweza kulindwa na utando unaofanya kazi kwa presha ndogo, hata ile inayotokana na tangi lililoinuliwa juu ya mnara, bila pampu kubwa na bila bili kubwa ya umeme. Utando huo huo ukifungwa kwenye kisima cha chumvi, maji yatatoka yakimeremeta na chumvi yake yote ndani. Hauna ubovu wowote. Ioni ya sodiamu, yaani chembe ya chumvi iliyoyeyuka yenye chaji ya umeme, ni ndogo mno kwa tundu lile.

Hapa ndipo mfano wa kifumbu unapofika mwisho wake. Ioni ya sodiamu ikiwa peke yake ni ndogo hata kuliko molekuli ya maji: upana wake ni kama nanomita 0.2. Kama ukubwa mtupu ndio ungeamua, chumvi ingetangulia kupita. Lakini ndani ya maji ioni hiyo haitembei peke yake. Chaji yake inavuta molekuli za maji zikaizunguka, na vyote kwa pamoja vinafikia upana wa nanomita 0.7 hivi. Kuibandua ioni kutoka kwenye maji yanayoizunguka kunadai nishati, na juu ya hilo utando wenyewe una chaji inayosukuma baadhi ya ioni zisiusogelee. Ndiyo sababu utando wa RO unaozuia zaidi ya asilimia 99 ya chumvi unaiachia gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza, ipite bila shida: molekuli yake haina chaji. Boroni iliyomo kwenye maji ya bahari nayo inasumbua kwa sababu hiyo hiyo. Mwenye kisima kinachonuka asitegemee RO kumwondolea harufu. Maji yake yanahitaji kupigwa hewa kwanza.

Wanasayansi wenyewe hawajamaliza kubishana juu ya kinachotokea ndani ya utando huo. Kwa miongo mingi ilifundishwa kwamba tabaka la RO halina matundu ya kudumu, na kwamba maji huyeyukia ndani ya plastiki yake yakatokezea upande wa pili. Mwaka 2023 timu ya mtafiti wa tando Menachem Elimelech ilichapisha utafiti unaodai kwamba maji hupita kwenye vijitundu kwa kusukumwa na presha. Mjadala huo unanivutia sana. Kifaa kinachouzwa leo katika maduka ya vifaa vya bomba bado kinabeba swali la fizikia ambalo halijafungwa, na kujua hivyo kunapaswa kutupa heshima kwa utando, tuache kuuchukulia kama bomba lenye kitambaa ndani.

Kilichoitoa RO maabara ni kazi ya Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, karibu mwaka 1960. Walitengeneza utando wa selulosi asetati wenye ngozi nyembamba sana upande mmoja, na chini yake tabaka nene lenye nafasi kubwa za kuibeba ngozi hiyo. Njia ya maji ikawa fupi, mtiririko ukaongezeka kama mara kumi. (Msomaji wa Tanga atapenda kujua kwamba selulosi ndiyo sehemu kubwa ya nyuzi za mkonge.) Mwaka 1965 utando wa aina hiyo ulifungwa Coalinga, mji mdogo wa California ulio mbali na bahari, wenye maji ya ardhini yenye chumvi.

Kwa hiyo RO ya kuhudumia mji ilianza na maji ya ardhini, bahari ikasubiri, na sababu ni presha. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Ili kuzuia tu maji matamu yasirudi upande wa chumvi, unahitaji presha ya karibu mara 27 ya ile ya hewa. Ili maji yatoke kwa kasi ya maana, mitambo huendeshwa kwa presha ya mara 55 hadi 70. Kisima chenye gramu 3 kwa lita kinaanza na sehemu moja ya kumi ya hapo. Mtambo mkubwa wa bahari, wenye kifaa cha kurudisha nishati, hutumia uniti 3 hadi 4 za umeme kwa lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Mashine ndogo isiyo na kifaa hicho huweza kula maradufu na zaidi. Anayesema "tutachuja bahari, si ipo hapo" na anayesema "tutachuja kisima" wanaagiza mashine mbili tofauti, hata kama kwenye ankara zote zimeandikwa RO.

Turudi kwenye maji yetu. Jiji la Tanga linakunywa mto Zigi. Unaanzia kwenye misitu ya Amani, Usambara Mashariki, unashuka hadi bwawa la Mabayani, na maji yanasafishwa kabla ya kuingia mjini. Hayo ni maji matamu. Shida yake kubwa ni tope la masika na uchafu wa kibaolojia, vitu ambavyo shabu, mchanga, klorini, au kwa anayetaka ulinzi zaidi nyumbani, utando wa ultrafiltresheni, vinavimudu. Anayefunga RO kwenye bomba hilo analipia kuondolewa chumvi ambayo haimsumbui, na mashine ndogo za nyumbani mara nyingi humwaga lita tatu kwa kila lita moja inayonyweka. Katika jiji ambalo majirani wanagombania mgawo wakati wa kiangazi, hilo linaniuma.

Kwa Zigi, fedha yenye tija zaidi iko milimani. Wakulima wa UWAMAKIZI, umoja wa wahifadhi wa Kihuhwi na Zigi, wanapopanda miti na kuacha kulima kingo za mto, tope linalobaki shambani ni shabu ambayo mamlaka haitainunua, na ni utando ambao hautaziba. Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ilipouza mwaka 2024 hatifungani yake ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, yaani kukopa kwa umma kwa ajili ya miradi ya maji, watu wengi walizungumzia mabomba na mita. Mimi ningependa tuzungumzie pia kiasi cha tope kinachofika Mabayani, kipimwe msimu hadi msimu na kitangazwe, kwa sababu ndicho kinachopanga gharama ya kila kitu kinachofuata.

Pangani ni habari nyingine. Mto umepungua nguvu kwa sababu ya maji yanayochukuliwa sehemu zake za juu, na bahari inapanda mtoni. Visima vingi vya ukanda huu vimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe au karibu nalo, na ukiweka maji yake kwenye birika muda mrefu unabaki na ukoko mweupe. Kwa maji ya namna hii RO inastahili, wala sina ubishi. Ila ukoko ule ule wa birika ndio utakaojijenga juu ya utando, kwa kuwa utando unapitisha maji na kuyaacha madini yakizidi kukolea upande wake wa kuingilia. Bila dawa ya kuzuia ukoko au hatua ya kulainisha maji mbele ya RO, mashine inakabwa na chokaa mapema.

Nieleze jinsi watu wanavyoshawishiwa, maana nimeyaona Ngamiani, jijini Tanga, kwenye ukumbi uliojaa akina mama wa vikoba. Muuzaji aliweka glasi mbili mezani, moja ya bomba, moja ya mashine yake. Zote safi machoni. Akachovya kifaa chenye fimbo za chuma, jozi moja kila glasi, akachomeka kwenye umeme. Haukupita muda glasi ya bomba ikaanza kuwa ya kahawia, kisha yakaelea mapande ya kijani kibichi yenye utelezi. Glasi ya mashine ikabaki vilevile. "Mama, haya ndiyo unayowanywesha wajukuu?" akamuuliza bibi mmoja wa safu ya mbele. Bibi akajifunika mdomo kwa mtandio. Oda zilianza kuandikwa hapo hapo.

Ule uchafu ulitoka kwenye fimbo. Maji ya bomba yana ioni, ioni zinabeba umeme, umeme unayeyusha chuma cha fimbo, na chuma hicho ndicho kinachogeuka kutu mbele ya macho yenu. Maji ya RO yana ioni chache mno, umeme haupiti, fimbo haiyeyuki. Yeyote anayekutana na onyesho hilo aombe jambo moja: atie chumvi kidogo ya mezani kwenye glasi ya RO, kisha waiwashe tena. Nayo itageuka kahawia. Kumtisha bibi kwa kutu ya fimbo ili atoe akiba yake ya kikoba ni dhuluma, na ninaiita hivyo bila kusita.

Kipimo cha TDS nacho kinatumika vibaya, ingawa chenyewe ni kifaa halali. Kinapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kisha kinakadiria chumvi iliyoyeyuka. Hakioni kimelea hata kimoja. Kichovye kwenye maji ya dafu, namba itaruka juu, kwa sababu dafu lina potasiamu nyingi. Kichovye kwenye maji ya mvua yaliyokusanywa juu ya bati lenye kinyesi cha ndege, namba itakuwa ndogo ya kupendeza. Kwa kisima cha Pangani kipimo hicho kina maana kubwa. Kwa bomba la Zigi kinakuambia machache sana kuhusu kile kinachoweza kukuumiza.

Linganisha na hospitali. Mwaka 1943, Uholanzi ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani, daktari Willem Kolff alisafisha damu ya wagonjwa wa figo kwa kuipitisha kwenye mirija ya selofani, ile iliyotumika kufungia soseji. Kanuni haijabadilika hadi leo. Urea, uchafu ambao figo imeshindwa kuutoa, ina uzito wa molekuli wa 60. Albumini, protini ya damu ambayo mgonjwa hatakiwi kuipoteza, ina uzito wa 66,000 hivi. Utando unapitisha ya kwanza na kuibakiza ya pili ndani ya maelfu ya nyuzi zenye uwazi, kila uzi ukiwa na upana wa ndani wa takribani maikromita 200. Damu ya mgonjwa hupimwa, kitu kimoja kimoja kilichomo, kabla ya kumpangia chujio na muda wake. Mgonjwa huyo huyo, kwa saa nne za kusafishwa, damu yake hukutana kupitia utando na takribani lita 120 za majimaji yaliyotengenezwa kwa maji ya RO, na mahali pale RO ni lazima, haina mbadala wa bei nafuu. Sioni kwa nini kijiji cha watu elfu mbili kipewe umakini pungufu kuliko kitanda kimoja.

Umakini huo unaanza na maabara. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani, Tanga ikiwamo, na RUWASA, wakala wa maji vijijini, iko hadi wilayani. Kwa kisima cha pwani naomba vipimwe chumvi, ugumu, chuma, na bakteria wa kinyesi, kiangazi na masika, kwa sababu kisima cha Machi na kisima cha Juni si maji yale yale. Chuma kikiwapo, kitaganda kuwa kutu juu ya utando mara kikikutana na hewa, hivyo lazima kitolewe kabla. Klorini ikiwapo, tando nyingi za RO za leo, za plastiki ya poliamaidi zilizotokana na kazi ya mkemia John Cadotte miaka ya 1970, zitaliwa nayo. Chujio la kaboni, linaloondoa klorini, liwekwe mbele. Lakini ukishaondoa klorini, maji yanayoingia kwenye simtanki hayana mlinzi, na bakteria watazaliana humo hata kama utando ni mpya. Fundi anayefunga mashine akaondoka bila kutaja hilo amewaachia watu hatari mpya.

Tuna mfano wa nyumbani wa kufikiri hivyo. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, alishinda mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa kichujio kinachounganisha mchanga na vitu vya kiwango cha nano. Ninachokithamini zaidi katika kazi yake ni wazo la kurekebisha kichujio kulingana na kilichomo kwenye maji ya eneo husika. Kule kwao ni floraidi. Huku kwetu ni chumvi na chokaa. Swali linaulizwa kwanza, chujio linafuata.

Kuna jambo moja ambalo vikao vyetu havilitaji kabisa, nalo ni maji yanayotupwa. Mtambo unaotoa lita 75 za maji matamu katika kila lita 100 unaiacha karibu chumvi yote kwenye lita 25 zilizobaki, ikiwa imekolea mara nne. Yakimwagwa kwenye shimo jirani na kisima, yanarudi chini, na mashine inaanza kuchuja chumvi iliyoitoa yenyewe. Yakielekezwa kwenye mikoko bila mpango, wavuvi wa kaa ndio watakaolipa. Na pampu yenyewe ina hatari yake. Watafiti Badon Ghyben na Herzberg walionyesha, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kwamba kila mita ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia takribani mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ukivuta kwa pupa ukashusha maji ya kisima kwa mita moja, hatimaye bahari inaweza kupanda mita 40 kutoka chini. Mashine yenye uwezo mkubwa iliyotolewa kwa ukarimu inaweza kukiua kisima kilichohudumia babu na bibi zetu. Kwa hiyo kiasi cha kuvuta kwa siku kiamuliwe na kisima, kisha ndipo ukubwa wa mashine ujulikane.

Fedha nazo. Utando uliotunzwa hudumu miaka mitatu hadi mitano, pengine zaidi. Bei yake igawanywe kwa miezi hiyo na iingizwe kwenye bei ya ndoo tangu siku ya kwanza, kwenye akaunti isiyochanganywa na mshahara wa mlinzi. Kamati iwe na daftari la kila siku: presha kabla na baada ya utando, lita zinazotoka, lita zinazotupwa, kipimo cha chumvi. Mtiririko ukishuka kwa asilimia 10 hadi 15, utando unasafishwa. Ukisubiri ushuke nusu, mara nyingi usafishaji hauurudishi tena. Daftari hilo, pamoja na jina la atakayelijaza na posho yake, liandikwe kwenye mkataba kabla mfadhili hajaja kukata utepe.